Pouponnière ya Nyota

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona binamu yangu aliyejifungua, na nilipoufungua mlango wa wodi nilikutana na harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utoto: maji ya Javel ya kusafishia sakafu, maziwa yaliyokaukia kwenye kitambaa, na jasho la wanawake waliokaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nikashika ukingo wa mlango. Binamu yangu alidhani ngazi zimenichosha. Nikamwambia ndiyo, ni ngazi, nikaketi kando ya kitanda chake, lakini maneno yake yote niliyasikia kwa mbali. Tayari nilikuwa nimerudi kwenye lupango letu, kiwanja chetu chenye ua, katika komini ya Tshopo, uwanjani nyuma ya nyumba, kichwa nimekilaza nyuma, namtafuta mtoto angani.

Mliokulia Kisangani na kuwa rika langu mnazikumbuka jioni zile. Umeme ulitoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo, na kiangazi, maji yalipopungua, kila mtaa ulikuwa na zamu yake ya giza. Sisi watoto hatukulichukia giza. Watu wazima walitoa viti nje, mtu akachoma makemba, zile ndizi za kupika, kwenye jiko la makaa, redio ya betri ikasikika ukuta wa pili, na sauti ya maporomoko, ambayo mchana ilimezwa na kelele za barabara, ikatufikia mpaka mlangoni. Kisha unainua macho, na nyota zimejaa kiasi kwamba huoni pa kuanzia.

Papa alifanya kazi Yangambi, kwenye mashamba ya utafiti, akishuka mto kwa majuma mengi na kurudi akinuka udongo na mafuta ya mashua. Mama alikuwa na mimba, lakini tumbo lilikuwa bado dogo, na mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba mtoto atakuja mvua zikirudi. Basi asubuhi moja, mvua zikiwa bado mbali, niliamka nikakuta kitanda cha mama hakina shuka. Jikoni alikuwa Koko, mama yake mama, ambaye kwa kawaida aliishi ng'ambo ya mto, Lubunga. Alikuwa amevuka na pirogi ya alfajiri, na kikohozi chake kilikuwa kimevuka naye.

"Koko, mama iko wapi?"

"Iko ku hospitali. Mutoto amekuya mbele ya wakati."

"Na mutoto iko wapi?"

"Iko ku pouponnière. Iko mudogo sana, haiwezekani kumuona. Kunywa chai yako."

Neno lile la Kifaransa alilitamka taratibu, kama mtu anayebeba sahani ya jirani. Kwa mtu mzima, pouponnière ni kile chumba cha hospitali wanapowekwa watoto wachanga waliozaliwa kabla ya kutimia. Mimi sikulijua. Kifaransa chetu cha shule kilikuwa bado cha kalamu, meza na dirisha. Nililichukua kuwa jina la mahali, kama Isangi au Yahuma, na kwa kuwa Koko alisema haiwezekani kumwona, nikaelewa kwamba ni mbali, na kwamba barabara yake si ya watoto. Mtoto mwenyewe hakuwa na jina. Walikuwa wanamngojea Papa, na ujumbe wa kumwita ulikuwa umetumwa kupitia watu wa mashua, kwa sababu simu huko Yangambi zilishika siku zilipotaka.

Katika chumba kidogo cha nyuma aliishi Tonton Amisi, mdogo wake mama. Alikuwa mwanafunzi wa fizikia chuo kikuu, mrefu, mwembamba, na alikuwa akitembea huku anasoma, hivyo magoti yake hayakukosa michubuko. Kiangazi kile rafiki yake aliyechunguza ndege katika msitu wa Masako alimwazima jumelles, darubini ile ya macho mawili. Tonton hakuangalia ndege hata mmoja. Umeme ulipokatika jioni ile, muda mfupi baada ya sala ya magharibi, aliniita uwanjani.

"Kuya hapa, Sakina. Angalia upande wa Kabondo. Unaona zile tatu, zenye kusimama mustari moja?"

Nikaziona. Zilisimama kwa kuinama kidogo, moja juu ya nyingine.

"Bon. Sasa toka pale, kwenda kuume kidogo. Kuko moja yenye kufanana na moshi. Chukua."

Akanivalisha mkanda wa jumelles shingoni. Kwanza niliona kope zangu tu. Halafu giza likatikisika, nyota zikapita mbio, na mikono yangu ilipotulia nikaiona: doa la ukungu, jeupe lenye rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na ndani yake vichembe vya mwanga, vidogo, vimekaribiana.

"Ile haiko nyota," alisema Tonton. "Ile iko wingu. Vumbi na gesi. Nyota zinazaliwaka mule ndani. Zile unaona, ziko bado changa kabisa. Ku chuo banaiitaka pouponnière d'étoiles. Pouponnière ya nyota."

Nilishusha jumelles nikamtazama.

"Pouponnière?"

"Eeh."

"Iko mbali?"

"Kwa mambo ya nyota, iko jirani. Kati ya zile kubwa zenye kuzalisha nyota nyingi, ile ndiyo iko karibu na sisi."

Sikuuliza tena. Mahali ambapo Koko alisema haiwezekani kumwona mtoto, mimi nilikuwa nimepaona, na palikuwa jirani. Nilidhani watu wote wazima wanalijua jambo hilo, na kwamba walisema haiwezekani kwa sababu tu hawakuwa na jumelles. Hata habari za mama zilikubaliana na jambo lile. Koko alisema mama anakamua maziwa na kumpelekea mtoto kila mara, mchana na jioni, na mimi niliwahi kuliona jengo la hospitali kutoka barabarani, lenye ngazi ya nje iliyopanda mpaka kwenye paa. Nikamwona mama akilini, na bakuli lake limefunikwa, anapanda.

Tangu hapo nilikuwa naomba umeme ukatike. Jua likishuka tu, nasimama uwanjani naikodolea macho balbu ya jirani. Ikizimika, nachukua jumelles kwenye msumari, naelekea upande wa Kabondo. Nilichagua kichembe kimoja, kilichokuwa pembeni kidogo ya wenzake, nikakifanya chetu. Nilikieleza mambo. Kwamba kuku mwekundu ameangua. Kwamba lituma ya Koko, ndizi zake za kutwanga, haina chumvi ya kutosha, lakini mama atakaporudi mambo yatakuwa sawa. Kwamba Papa hajafika, mto umepungua na mashua zinakwama kwenye mchanga. Nilikiambia kinywe maziwa. Na nilipolala, niliingia mle ndani. Palikuwa na joto kama chini ya chandarua asubuhi kabla hakijafunguliwa, vumbi lake laini kama unga wa muhogo, na watoto wamelala katika vumbi hilo, kila mmoja na mwanga wake mdogo chini ya ngozi, hawalii, wanangojea kuitwa.

Jioni moja nilimuuliza Tonton Amisi swali ambalo lingenipa siku ya kusubiri.

"Tonton, zile za ku pouponnière, zinakomaaka baada ya wakati gani?"

Alifurahi. Nadhani hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumuuliza jambo la masomo yake.

"Ooh, ile inachukua mamilioni ya miaka. Hata wewe, hata miye, hata batoto ya batoto yetu, hatutaona."

Nikarudisha jumelles kwenye msumari, nikaenda kulala. Kesho yake sikula. Koko alinishika paji la uso, akanishika tumbo, akasema ni malaria inaanza, akanichemshia majani machungu. Niliyanywa bila kubisha, jambo ambalo lilimtia hofu zaidi. Siku ile ile, alasiri, alirudi kutoka hospitali na uso uliokunjika. Alizungumza na Tonton kwa sauti ya chini karibu na mlango, nikasikia tu kwamba mama ana homa, haachi kutetemeka.

Umeme ulikatika kukiwa bado na rangi angani. Koko alikuwa anatwanga makemba ya lituma. Mimi nilikuwa nimelala mkekani na huzuni yangu, lakini balbu ya jirani ilipozimika mwili ulinyanyuka wenyewe, nikachukua jumelles.

"Umeme imeenda," nikasema, nikicheka.

Mchi wa Koko ulisimama hewani. Alimtazama Tonton, si mimi.

"Amisi. Couveuse."

Tonton alikuwa tayari anavaa viatu. Nikauliza couveuse ni nini, na Koko, huku anafunga kitenge cha pili kiunoni, akanijibu kwa haraka kuwa ni sanduku la kioo linalompasha mtoto joto, linakula umeme, na leo jenereta ya hospitali haiwaki. Sikuelewa sanduku linafikaje kule juu. Nilielewa uso wake tu, na nikaacha kucheka.

Hakukuwa na mtu wa kuniachia, basi tulikwenda sote. Tulisimamisha toleka mbili, zile baiskeli za kubeba watu: Koko kwenye moja, mimi na Tonton kwenye nyingine, mimi mbele kwenye chuma na yeye nyuma kwenye kiti cha sponji. Dereva hakuwa na taa, alipiga kengele tu mfululizo, na watu wakatupisha bila kuonekana. Jumelles zilinigonga kifuani. Zile nyota tatu zilikuwa zimeanza kutoka juu ya paa.

Hospitali ilikuwa nyeusi. Katika korido ndefu wanawake walikuwa wameketi chini, migongo ukutani, kila mmoja amejikunja juu ya kitu alichokificha ndani ya blauzi yake. Muuguzi alipita kati yao na tochi ameibana kwa meno, mikono yake yote miwili ina kazi. Alikuwa mama mnene wa makamo, na alipomtambua Koko alituonyesha kwa kichwa kitanda cha mama.

Mama alikuwa amefunikwa blanketi mbili na meno yake yaligongana. Alinitazama na sikujua kama ananiona.

"Huyu hawezi kumushika mutoto," alisema muuguzi, tochi sasa mkononi. "Anatetemeka, atamuangusha. Na mutoto anapoa. Mutu moja amuweke ku kifua, ngozi kwa ngozi."

Koko akaanza kufungua blauzi, na kikohozi kikamkamata. Muuguzi akaweka mkono mbele yake.

"Apana, Koko. Na hiyo kikohozi, apana." Akageuza tochi. "Wewe iko nani?"

"Tonton yake," alisema Amisi.

"Vua shati."

"Miye?" Alicheka kidogo, akatazama huku na huku. "Mama, miye iko mwanaume."

"Damu yako iko baridi? Vua, ukae."

Akaketi kwenye benchi, akavua shati. Mbavu zake zilihesabika. Muuguzi alileta kifurushi cha vitambaa, akakifungua, na katika mwanga wa tochi nikaona kofia ndogo ya sufu, uso uliokunjamana, na miguu myembamba kuliko vidole vyangu. Akamlaza juu ya kifua cha Tonton, kama chura, akamzungushia kitenge cha Koko na kukikaza mgongoni.

"Usisimame. Usitikisike. Ukisikia hapumui, musugue mugongo. Polepole."

Tonton alifumba macho. Muuguzi akaondoka na tochi yake, tukabaki na mwanga kidogo wa dirishani. Nilisogea.

"Huyu iko nani?"

"Mutoto ya mama yako," alisema Koko. "Dada yako."

Nilimwangalia kwa muda mrefu.

"Ameshuka wakati gani?"

Tonton akafungua jicho moja. "Ameshuka wapi?"

"Ku pouponnière. Ulisema mamilioni ya miaka."

Kisha nikaona kicheko kinapanda tumboni mwake, kifua kikaanza kutikisika, mtoto akasogea, naye akakikata kicheko na kubana pumzi, machozi yakimlengalenga. Aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sakina. Pouponnière ndiyo hii. Hii chumba." Akaonyesha kwa kidevu mlango wa pili, ambao juu yake herufi za rangi zilionekana kwa shida. "Ile ya juu iko ya nyota tu. Ni neno moja, lakini fasi mbili."

"Juu hakuna mutoto?"

"Hakuna mutu."

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Jioni zote zile, kuku na chumvi na Papa kwenye mchanga.

"Basi nani alikuwa ananisikia?"

Tonton angeweza kunidanganya, na nisingelijua. Lakini alisema, "Miye. Dirisha yangu inabakiaka wazi. Nilifikiri unacheza."

Kwenye korido mwanamke mmoja alikuwa anavuma wimbo usio na maneno, akiacha na kuanza tena. Niliingiza mkono wangu chini ya kitenge, nikauweka kwenye mgongo wa dada yangu. Ngozi yake ilikuwa na manyoya laini sana, na chini yake moyo ulikimbia. Nilikuwa nahisi mbavu zake zinapanda, zinashuka, zinapanda. Kisha hazikupanda.

"Tonton."

Alikuwa ameshahisi. Vidole vyake viliingia pembeni mwa vyangu, akasugua, juu, chini, bila haraka, midomo yake ikisema jambo ambalo sikulisikia. Koko alikuwa amesimama. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi kwa mlio mdogo kama bawaba kavu ya mlango, na mbavu zikaanza tena kwenda. Koko aliketi chini pale pale alipokuwa, sakafuni.

Baada ya muda nikauliza, kwa sababu swali lilikuwa bado linanisumbua, "Na zile nyota, kama hakuna mama, zinatoaka joto wapi?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na alinong'ona ili asitikise kifua.

"Zinajikaza. Ile vumbi inavutana, inakazana, inakazana tena. Ile kukazana ndiyo inaleta joto. Kuwaka kwenyewe haijaanza, donc, lakini ziko moto tayari."

Halafu akainamisha kichwa akaitazama ile kofia ya sufu, na hakuendelea na somo.

Umeme ulirudi kabla sijasinzia. Taa za korido ziliwaka zote pamoja, wanawake wakafumba macho, mashine ikaanza kunguruma chumba cha pili. Muuguzi alikuja, akamgusa mtoto miguu na tumbo, akamtazama Tonton kuanzia kichwani mpaka kwenye magoti yake yaliyochubuka.

"Amepata joto muzuri," akasema. "Kesho urudi."

Alirudi kesho, na kesho kutwa, na siku zote ambazo homa ya mama ilichukua kuondoka. Umeme ulikwenda na kurudi, yeye alikaa kwenye benchi. Mitihani ilianza chuoni na kumalizika, naye akarudia mwaka. Wenzake walimwita Mama Amisi, na akiitwa hivyo barabarani aliitika. Mpaka leo anafundisha fizikia Mangobo, na wanafunzi wake wamelirithi jina hilo bila kujua lilikotoka. Dada yangu alipona. Ni mrefu kunizidi, mbishi, anafanya kazi Kindu, na hadithi hii ikianza anasimama na kwenda jikoni. Nimeona, hata hivyo, kwamba mlango haufungi.

Jumelles zilirudi Masako. Niliendelea kulitafuta lile doa la ukungu kwa macho matupu, na sikuwa na neno la kuliambia, ila lilinipendeza kuliko zamani. Kitu kilicho mbali kiasi hicho, na bado kinafanya kazi yake.

Lakini ninachokishika zaidi ni siku aliyofika Papa. Papa alikuwa mtu wa maneno machache. Akiingia, sisi tulisimama. Sikuwahi kumwona bila shati, hata nyumbani, hata wakati wa joto kali. Mashua yake ilifika alasiri, naye alikuja moja kwa moja kutoka bandarini, matope yamekauka kwenye suruali, begi mkononi. Siku ile niliruhusiwa kuingia, kwa sababu muuguzi alikuwa ameshanizoea.

Tonton alikuwa kwenye benchi na mtoto kifuani. Alimwona Papa, akataka kusimama, akakumbuka.

"Shemeji, unisamehe. Siwezi kusimama."

Papa alimtazama, na kile kifua chembamba, na kitenge. Mama, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kuketi, alisema kutoka kitandani, "Iko pale tangu asubuhi. Amechoka."

Papa akaweka begi chini. Nilidhani atauliza maswali. Alianza kufungua vifungo vya shati lake, kuanzia shingoni, kimoja kimoja, akalikunja na kuliweka juu ya begi. Kifua chake kilikuwa na mvi, na cheupe kuliko mikono yake. Akaketi pale Tonton alipompisha, na muuguzi akamhamishia mtoto, akakaza kitenge.

Nilipanda benchi nikamfundisha. "Papa, usitikisike. Ukisikia hapumui, unamusugua mugongo. Polepole."

"Ndiyo," akaniambia, kwa sauti ile aliyowapa wakubwa wake wa kazi.

Aliinamisha shingo mpaka mdomo wake ukafika kwenye sikio la kulia la mtoto, akaisoma adhana kwa sauti ya chini sana, ambayo hata mimi niliyekuwa nimemwegemea niliisikia kwa mfupa wa bega lake kuliko kwa masikio. Kisha akasema jina: Riziki. Mama aligeukia ukuta. Tonton Amisi alikuwa amesimama katikati ya chumba, shati mkononi, kama mtu aliyesahau namna ya kulivaa.

Jioni iliingia na taa zikabaki zinawaka. Muuguzi alikuja akasema leo umeme uko sawa, couveuse imeshapata moto, mtoto anaweza kurudi ndani, na baba apumzike, ametoka safari. Akanyoosha mikono.

Papa hakuinua kichwa.

"Bado kidogo," akasema.